Mraba wa Paka

Baba, joto la mwaka huu halikubisha hodi.
Mwezi wa sita liliingia Hermosillo na virago vyake,
likakaa kwenye kiti chako,
na mpaka leo halijaaga.

Kiyoyozi kilikohoa dirishani usiku na mchana.
Bili ya umeme mama aliibandika jikoni,
kando ya kalenda ya duka la nyama.
Akawa anaitazama akisukuma chapati,
kama mtu anayesoma barua ya mkwe asiyempenda.

Si ukuta, alisema fundi Heladio. Si madirisha.
Akanyoosha kidole juu.
Zege halisahau:
linakunywa jua tangu asubuhi, kimya, bila kulewa,
kisha saa nne za usiku, mnapojinyoosha kitandani,
linawatapikia.

Basi ikabaki kuchagua rangi.
Ungedhani ni jambo dogo.

Kaka Nabor alirudi na debe la nyekundu,
la bei ya chini, linalonuka matairi.
Nyekundu, kwa sababu wewe ulitoka milimani, kule Jalisco,
ambako nyumba huvaa vigae.
Kwa sababu ulipopanda kuvuta sigara yako ya jioni
ulikuwa ukisema: iko siku paa hili nalo litafanana na kwetu.

Mimi nilitaka nyeupe.
Nyeupe ya chokaa, nyeupe ya kuumiza jicho,
inayolirudishia jua mzigo wake palepale mlangoni:
ahsante, hatukuagiza.

Tuligombana siku tatu.
Nabor akaniambia nataka kukufuta.
Nikanyamaza. Neno lile lilikuwa na ncha.

Mama ndiye aliyepanda ngazi, na magoti yake yale,
na brashi mbili.
Akapaka mraba mwekundu, akapaka mraba mweupe,
kila mmoja ukubwa wa meza ya kulia chakula.
Akashuka, akanawa mikono.
"Tusubiri," akasema, wala hakusema tunasubiri nini.

Hakuna aliyemwalika paka.
Kesho yake, saa kumi na mbili jioni, jua limeshalegea,
Pinole alivuka zege akirukaruka kama anayekanyaga makaa.
Akagusa nyekundu,
akauondoa mguu, akaukung'uta,
akafika kwenye nyeupe,
akazunguka mara mbili,
akalala.

Nabor alimtazama muda mrefu.
Kisha akabeba debe lake kulirudisha dukani;
kwa kule kulifungua tu wakamkata nusu ya bei.

Tulipaka Jumamosi mbili, alfajiri, kabla jua halijaota meno,
na lilipochomoza tukavaa miwani myeusi
kama majambazi wa benki.
Nyufa kwanza, Heladio alisisitiza: nyeupe si dawa ya tundu.
Mkono wa kwanza zege lililamba wote,
wa pili ndio ulioshika.

Na kusema kweli, Baba, hakukuwa na muujiza.
Bado tunatoka jasho. Bili bado ipo ukutani,
ila mama sasa huipa mgongo.
Na kuna saa, usiku wa manane ukishapita,
huinuka, akakizima kiyoyozi,
na nyumba ikasikika upya: jokofu, saa ya ukutani,
Nabor akikoroma vilevile kama wewe.

Vumbi la jangwani nalo lina rangi yake,
litataka kuipaka juu ya yetu.
Itabidi tufagie. Itabidi, baada ya miaka, tupande tena na madebe.
Nyeupe ni kazi.

Mraba mwekundu hatukuufunika.
Uko pembeni mwa tangi la maji, pale ulipokuwa ukikung'uta majivu.
Mwezi wa kwanza, asubuhi za baridi,
Pinole huhamia hapo,
akajikunja juu ya rangi ya kwenu
mpaka apate moto.