Koki

Niliinunua kwa mjane wa tarishi, Bibi Hermínia,
kwa pesa za misimu miwili ya kuchuma zabibu
na saa ya babu niliyosema imepotea.
Ilikuwa nyekundu, au iliwahi kuwa.
Marehemu aliacha alama za magoti yake kwenye tangi,
huku na huku, rangi imelika,
na magoti yangu hayakufika pale.

Hakuna aliyenifundisha klachi.
Nilidhani ni breki ya pili, ya watu waoga.
Jumapili ya kwanza ikanizimikia mbele ya kanisa,
watu ndio kwanza wanatoka misani.
Nikapiga kiki, nikapiga kiki,
ya tisa ikawaka, ikaruka kama mbuzi aliyeona nyoka
ikanifikisha moja kwa moja
kwenye meza ya mama Zulmira na jibini zake.
Padri alicheka hadi akashika ukuta.
Zile jibini nilizilipa mpaka Pasaka.

Mengine nilijifunza kwa ngozi.
Kwamba kokoto hazijui kiwiko ni cha nani.
Kwamba eksozi haiegemewi, hata kwa kupitiwa.
Kwamba kwenye kona ukitazama shimo utaingia shimoni,
tazama unakokwenda;
hilo nililijua baada ya shimo la tatu.
Kwamba Januari, saa kumi na mbili asubuhi,
magazeti chini ya koti yana joto kuliko sala,
ila wino wake hauna siri:
siku moja nilivua shati
nikakuta bei ya ngano imeandikwa kinyume kifuani.

Abiria wangu alikuwa Adérito.
Alikaa nyuma amekumbatia dumu la mafuta ya zeituni
ya kuuza Mogadouro,
na kila kona aliinamia upande usiofaa,
eti anaisawazisha dunia.

Usiku ule wa Novemba tulikuwa tunarudi,
mlima mmoja nyuma, miwili mbele.
Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza
kama mtu aliyekumbuka jambo.
Nikatikisa tangi, nikasikiliza.
Tukasukuma.

Kilomita kumi na moja, kwa zamu,
ukungu ukitupangusa nyuso kwa kitambaa kibichi,
mbwa wa shamba hili wakitukabidhi kwa mbwa wa shamba lile.
Katikati ya mlima wa pili akaniambia
kwamba barua ya jeshi imeshafika kwao,
mama yake ameificha ndani ya pipa la unga.
Kwamba kuna lori Ijumaa, na dereva anayejua kuvuka usiku.
Kwamba Ufaransa wanajenga maghorofa
na hawaulizi umri.
"Kuna mtu huko Msumbiji," alisema,
"hajanikosea kitu, wala hajui jina langu.
Nikamfuate na bunduki kwa lipi?"
Pumzi zake zilitoka kama moshi wa sigara mbovu.
Mimi nilikuwa nimeshika usukani.
Nilisema tu, "Zamu yako."

Alfajiri fundi Evaristo alitoka na nguo za kulalia,
akachuchumaa, akaingiza mkono chini ya tangi,
akazungusha koki kwa kidole kimoja.
Kiki moja. Ikawaka.
"Ina akiba," alisema katikati ya mwayo.
"Lita moja na nusu. Wakati wote ilikuwemo."
Adérito aliketi palepale barabarani, dumu tupu mapajani,
akacheka mpaka machozi,
sijui yote yalikuwa ya kicheko.

Akiba haiozi, husemwa.
Ndiyo, haiozi. Hukaa tu,
shubiri moja kutoka goti lako,
na wewe unasukuma.

Ijumaa nilimpeleka mpaka penye lori.
Kona zote ishirini na tatu aliinama nami sawasawa,
hapo ndipo nikajua anaondoka kweli.

Hii ya sasa ni pikipiki yangu ya sita.
Ina kioo kinachohesabu mafuta tone kwa tone,
koki haina.
Lakini kwenye mlima, injini ikibadili sauti kidogo,
mkono wa kushoto huachia usukani,
hushuka chini ya tangi
na kupapasa.