Kitovu

Kwenye themanini, kimya.
Kwenye tisini usukani unaanza kunong'ona viganjani,
kwenye tisini na tano unatetemeka kama mtu mwenye homa,
halafu mia na kumi: umepona,
kama vile hakuna kilichotokea.
Barabara ya Likasi ni shahidi wangu,
mimi na Korola ya marehemu mume wangu
na janti nne za alumini nilizozipata mtaa wa Kenya
kwa dola mia mbili na maneno mengi.
Bolti nne, matundu manne. Ziliingia.
Nani angedhani kuingia si kukaa?

Chansa, garaji ya Katuba, hakushika spana.
Aliuliza kwanza, kama ninavyouliza mimi zamu ya usiku wodini:
Inaanza lini? Inakoma wapi?
Ukikanyaga breki, inazidi?
Haizidi.
"Basi breki tuziache zilale."
Akatikisa gurudumu juu na chini, kushoto na kulia,
sikio karibu na chuma. Hakuna kilichogonga.
Akalipandisha kwenye mashine, akabandika risasi,
gramu kumi hapa, tano kule,
mpaka mashine ikasema sufuri pande zote mbili.

Nikaenda mpaka kizuizi cha ushuru, nikarudi.
Mikono ilikuwa bado inajibu
swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Siku ya tatu alirudisha mbele zile za zamani,
za chuma, zenye kutu na mikwaruzo ya miaka.
Tisini na tano: kikombe cha maji kingesimama wima.
Niliona aibu kidogo mbele ya kutu ile.

Ndipo akalitundika gurudumu jipya bila nati,
akaniita: "Mama Ngalula, ingiza kidole."
Kidole changu cha mwisho kikapita
kati ya janti na kitovu cha gari, kikacheza.
"Njo vile. Kwenye mashine limeshikwa katikati.
Huku limeshikwa na nati tu.
Halijakaa kitovuni."

Alisema kitovu akimaanisha chuma.
Changu kilizikwa Kananga, nyuma ya nyumba ya matofali mabichi;
nina miaka ishirini na tisa hapa Lubumbashi,
nimepokea watoto wa watu hapa, nimekata vitovu visivyohesabika,
na bado yuko anayeniuliza kwetu ni wapi
kwa sauti ya mtu anayekaza nati.

Papa Kaoma alichonga vyuma vya mgodi
mpaka mgodi ukaacha kumlipa. Mashine yake
sasa iko uani Kamalondo, chini ya mabati,
kati ya kamba ya nguo na banda la bata.
Alipima kitovu: hamsini na nne nukta moja.
Alipima janti: sabini na tatu nukta moja.
"Umbali mrefu huo," akasema, "kwa ndoa."
Akatafuta kipande cha shaba.
Chansa akanung'unika: shaba na alumini hulana zikipata chumvi.
"Chumvi gani? Wewe umeona bahari hapa?"

Vinyweleo vya shaba vilianguka kama nywele za mtoto
anayenyolewa mara ya kwanza.
Pete nne. Kila moja aliipuliza, akaipaka grisi kwa kidole gumba,
na ya kwanza ilipoingia ilitoa sauti ndogo,
*tii*,
kama mfuniko wa sufuria uliopata sufuria yake.
Nati zikakazwa kwa msalaba, si kwa duara,
gari likiwa bado hewani.

Jumapili, barabara ya Likasi.
Themanini. Tisini. Tisini na tano.
Nikafungua vidole kimoja kimoja.
Gari likaenda moja kwa moja, halinihitaji.

Na katika utulivu ule, kwa mara ya kwanza
nikasikia mlango wa nyuma, wa kulia,
unapiga, unapiga,
sijui tangu mwaka gani.