Umeshafika?

Kasha nililitoa kwa fundi Lugembe, Mabatini.
Ubavu mmoja haukuwepo; nimeuziba kwa wavu wa dagaa.
Feni tatu. Ya tatu huguna kwanza, kisha hukubali.
Kila Jumapili nafungua, napuliza vumbi,
napangusa kwa brashi ya rangi ya kucha
wadudu wa ziwa waliokaukia juu ya mazabodi,
wepesi kama majani ya chai.

Usukani ni bomba la maji. Miguuni,
kikanyagio cha cherehani ya mama, nimekikata kati.
Yeye huuliza: “Unakwenda wapi, Nyamizi, na hapo umekaa?”
Ukerewe, namjibu. Narudi sasa hivi.

Ndani ya mashine Kitangiri ni nyasi tupu.
Hakuna mawe, hakuna ngazi, wala bati letu lenye kutu.
Nimeanza kuyapanga mawe mwenyewe, moja moja,
usiku, luku ikiruhusu.

Jana, futi mia nne, magurudumu chini,
taa za uwanja zimenyooka mbele yangu,
umeme ukakatika mtaa mzima.

Feni zikapungua, zikapungua.
Ile ya tatu ikaguna.
Mama akawasha tochi ya simu sebuleni:
“Umeshafika?”