Mwenye Kifua

Husema watu: fulani ana kifua,
siri ukimpa haitoki hata kwa koleo.
Odiwuor alikuwa nacho.
Wiki tisa alikohoa ndani ya blanketi
ili jirani asisikie, ili bosi wa karakana asisikie,
na kikohozi, kwa kukosa adabu,
kikawa kinamtangulia kila mlango.

Mimi ndiye niliyepokea kopo lake.
Kohozi la alfajiri, kabla ya chai.
Jina halipo. Namba tu: 0317.
Nikalipaka kiooni, nikalipitisha motoni,
rangi nyekundu, kisha asidi, kisha buluu,
na chini ya hadubini nikaviona
vijiti vyekundu vilivyokataa kuoshwa.
Nikaandika alama tatu za kujumlisha.
Ukizitazama vizuri ni misalaba,
na huku kwetu mmoja hutosha kumzika mtu.

Wewe wa Chennai, sikujui.
Ripoti yako ilinifikia imechapwa kwa wino uliokauka,
ukurasa wa arobaini haumo.
Unasema zamani, mjini kwenu,
maskini walimezea dawa vyumbani mwao,
juu ya mikeka yao, na wali wao mchache,
wakapona sawa na waliolazwa penye maziwa na shuka nyeupe.
Niliisoma Mukuru, nimekalia debe,
maana kijana wa kutembelea wagonjwa aliacha kazi Machi
na maabara ikanitoa mimi.

Vidonge vinne, rangi ya tofali.
Pakiti imeandikwa Hyderabad.
Usiku wa kwanza alinipigia simu saa tisa:
Sista, nakojoa Fanta.
Nikamwambia ni dawa hiyo, lala.
Asubuhi nikamwambia, fungua dirisha.
Akacheka mpaka kikohozi kikamkata.
Dirisha gani?

Kweli. Futi kumi kwa kumi, mabati pande zote,
na tundu la msumari linaloingiza jua jembamba kama uzi.

Siku ya pili nikakuta ukuta una jicho.
Alikata bati kwa mkasi wa kazini,
akazikunja ncha zisimchane mtoto.
Mwenye nyumba akaja juu, akampa vidonge vyake
mbele ya ploti nzima,
akaongeza mia tatu kwenye kodi.
Odiwuor akalipa. Aliiita kodi ya hewa.

Mwezi wa tatu mama yake akafa, Ugenya.
Aliondoka na dawa za siku saba.
Matanga hayasomi kalenda ya utafiti.
Siku ya kumi na tano nikaambiwa nijaze safu ya mwisho,
nikaijaza:
amepotea.

Hajapotea!
Yuko nyuma ya nyumba ya mamake,
anachomelea lango ambalo marehemu aliliomba miaka,
akitaka kukohoa anageuza uso mbali na watoto,
kama nilivyomfundisha.
Simu yake inaita.
Jedwali halina safu ya simu inayoita.

Nataka kukuuliza, wewe wa Chennai:
wale wako waliopotea
ulijua walikokwenda?
Kuvuna? Kuoza binti? Kulinda shamba la kaka?
Au uliwaandika wote, mmoja mmoja,
kwenye ule ukurasa wa arobaini?

Alirudi Jumanne na njugu ndani ya gazeti,
na kidonge kimoja alichokibakiza,
eti ili nione hakuvitupa.
Utafiti haukumpokea tena. Kanuni.
Nikampeleka mwenyewe upande wa pili wa ukuta,
zahanati ya umma, benchi la wanaoanza upya.
Watu walikuwa wengi. Wengine wanamfahamu.

Akaomba kopo. Akaomba na kalamu.
Akaandika jina lake lote, na la baba,
herufi kubwa mpaka zikazunguka kopo na kukutana,
kisha akauliza kwa sauti, benchi zima likisikia,
hapa TB wanakoholea wapi?