Na Mke

Daftari limewekwa chini ya kioo, kando ya pipa la maonyesho,
pale watalii wanapopewa glasi za kuonja.
Mwongozaji ameniruhusu kulifunua
kwa kuwa nimemwambia ukweli: mimi ni wa Nyumba Namba Saba.

Mwaka wa hamsini na mbili. Mwandiko umelalia upande mmoja
kama mizabibu ya bonde hili iliyozoea upepo.
*Apools Septemba na mke. Pauni moja, shilingi nne.
Mvinyo, mara tano kwa siku.*

Septemba ndilo jina la ukoo wetu.
Ni mwezi ambao mtu fulani alishushwa bandarini Rasi
na karani, mvivu wa kuuliza mama yake alimwitaje,
akainua macho kwenye kalenda.
Majirani zetu ni akina Aprili na akina Februari.
Tukikaa benchi moja kanisani, mwaka unakaribia kutimia.

Ila huyo "mke" ndiye ninayemtafuta.
Hamsini na tatu: *na mke.*
Sitini: *na mke.*
Sitini na nane, mwaka wa mvua ya mawe:
*na mke, toa siku nne, uzazi.*
Siku nne hizo ni mama yangu,
aliyezaliwa kwenye safu ya kumi na moja, kreti likiwa nusu.

Bibi aliitwa Katriena.
Kisu chake kilikuwa na mpini wa matambara.
Alijaza makreti sawa na babu, na siku za joto alimpita,
akakadiriwa nusu ya ujira,
na nusu hiyo ikatiwa mkononi mwa babu.
Wao walikuwa na wino. Sisi tulipewa mvinyo,
kopo la bati, alfajiri, kabla ya mkate.
Hata Jumamosi ikifika, babu alikuwa amekunywa watu wawili.

Shambani, ana miaka hamsini, bado aliitwa "kijana".
Alipovuka kizingiti chake ndipo alipokuwa mwanamume,
na uanaume huo alikuwa na njia moja tu ya kuuonyesha.
Bibi alikuwa akisema, bila kucheka:
ukuta wa jikoni unanijua kwa sura.

Katika nyumba kubwa alifagia kwa Bi. Hester,
mwenye funguo kiunoni: ya sukari, ya kahawa, ya mashuka.
Siku moja alimkuta mezani analia.
Benki imemrudisha. Haiwezi kumfungulia akaunti
bila sahihi ya mumewe.
"Nilitaka kumhurumia," bibi aliniambia,
"nikasimama pale na ufagio wangu, nikataka kweli.
Lakini kabati la sukari lilikuwa limefungwa,
na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa ya kahawa chungu."

Nageuza. Themanini na tatu.
*Apools Septemba, amefariki.*
Chini yake, wino uleule, hata kalamu haikuchovywa upya:
*Nyumba Namba Saba: wazi.*

Wazi.
Na ndani yake Katriena, watoto wanne, tetea aliyeatamia,
sufuria jikoni, moto unawaka.
Trekta lilikuja Alhamisi.
Udongo wa kaburi ulikuwa haujatulia.
Kitanda kilipakiwa kwanza, kisha mlango,
maana mlango babu aliununua mwenyewe.

Mwongozaji anauliza kama nimempata.
Namwambia yupo kila ukurasa.
Ananimiminia glasi. Naomba maji.

Nje, lori la dalali linashusha wanawake wa msimu,
mikataba ya wiki sita, vitambaa vichwani, mikasi mfukoni.
Mmoja amesahau kofia. Mwenzake anamwita
kutoka upande wa pili wa safu, kwa sauti ya mapafu yote:
Roselien! We, Roselien September!

Sijui kama dalali ameliandika.
Nasimama uani, maji mkononi,
nikingoja aitwe tena.