Yaliyobaki Nje ya Muhtasari

Niliandika: kikao kilifunguliwa saa nne na robo,
akidi ilitimia, mvua ilikuwa ikinyesha.
Hilo la mvua mwenyekiti alilikata kwa kalamu.
Basi na liwe hapa: ilinyesha,
na ukungu wa Uporoto uliingia ghalani bila kadi
ukaketi nasi juu ya magunia ya viazi.

Angolwisye, mjumbe wetu, alikuwa amerudi
siku ya tatu kutoka mkutano mkuu,
fulana mpya bado ina mikunjo ya boksi.
Subilaga, anayechambua mbegu kwa ujira wa karai,
aliuliza bila kuinua macho:
"Umetuchagulia nani?"

Akalitaja jina.
Jina tulilisikia redioni
kabla basi la kumpeleka halijavuka Makambako.

"Walikuwa wangapi?"
"Kumi na tisa. Fomu walichukua kwa matarumbeta.
Usiku kamati ikaingia chumbani, mlango ukafungwa,
asubuhi likatoka moja."
"Na ninyi?"
"Tulipewa karatasi. Ndiyo na Hapana.
Kalamu yangu ilikauka, nikaazima ya mjumbe wa Ludewa.
Akanipa, akachungulia."

Subilaga akafuta kiazi kwa upindo wa khanga.
"Mimi nikikuletea shambani kiazi kimoja
nikakwambia hiki ndicho mbegu,
vingine nimevitupa usiku, usiniulize,
utanilipa?"

Hapo kila mtu akawa anajua habari za magunia.
Mmoja akasema: lumbesa ni hivyo hivyo,
vinono hupangwa juu, mdomoni,
vya kijani na vyenye mnyauko hulala tumboni,
na mnunuzi huujua ukweli akishafika kwake,
gari limeshageuza.

Lusekelo wa bodaboda akasimama, kofia ya chuma mkononi:
kila mwenye kadi apige kura tawini kwake,
zihesabiwe hapa hapa, mbele ya macho,
matokeo yaandikwe kwa chaki mlangoni
kabla mtu hajapanda gari kwenda popote.

Mwaijande, mweka hazina, akakohoa.
"Chaki si kitu. Matawi ni maelfu, nani atalipia?
Na mwenye fedha atapita tawi kwa tawi
na chumvi na vitenge. Mtamkataa?"
Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha kucheka,
maana kitenge cha mwaka ule
wanawake wawili walikuwa wamekivaa.

Ndipo Angolwisye akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja uzito wa gunia:
"Kununua matawi yote ni kazi.
Kuninunua mimi ilikuwa bahasha moja.
Bei yangu naijua. Mifuko miwili ya mbolea.
Nendeni mkaone mahindi yangu yalivyoshika rangi."

Mvua ikazidi juu ya bati.
Mwenyekiti akasema tuendelee na mengineyo.

Niliandika: *wajumbe walijadili kwa kina.*
Niliandika: *kikao kiliazimia kupeleka pendekezo wilayani.*
Nililipeleka mwenyewe hadi Tukuyu.
Karani akagonga muhuri, IMEPOKELEWA,
akaliweka juu ya mengine yaliyopokelewa.
Sasa ni miezi miwili.
Mbegu za Subilaga zimechipua gizani, machipukizi meupe,
zinataka udongo, hazingoji barua.

Lakini kuna jambo ambalo hata ghalani sikulisema,
nami ndiye katibu, daftari hulala kwangu.
Lina majina mia tatu na kumi na mawili.
Arobaini na kitu wako makaburini, njia ya Ndaga.
Hesabu kubwa hutupa sifa wilayani,
na kila kadi ikipiga kura kama anavyotaka Lusekelo,
marehemu wangu wanaweza kumpa mtu ushindi.

Jana usiku nilinunua kalamu nyekundu.
Nimeanza na kadi namba saba.
Baba yangu.
Ni mwaka wa tano tangu tumzike,
na kila Januari, kwa mwandiko wangu,
amekuwa akilipa ada.