Halikutaja Jiwe

Walilibandika kwa gundi ya unga, ghorofa ya pili,
juu kidogo ya kibao chetu cha shaba:
HUDUMA MUHIMU TU. SIKU ISHIRINI NA MOJA.
Niliisoma orodha kwa kidole kama mtoto wa darasa la pili:
dawa, unga, petroli, mkaa,
sato wabichi na dagaa wa kukaushwa,
seremala, endapo anatengeneza majeneza.
Wakili hayumo.

"Basi," akasema Wakili Nyanjige,
akifuta miwani iliyoingia ukungu wa barakoa,
"kufa kumeruhusiwa. Kuandika wosia ndiyo kosa."

Nilicheka. Kisha nikaacha,
maana mimi ndiye karani, funguo za kabati ninazo,
na ninajua kilichomo.
Nusu ya majalada yetu yanaweza kungoja mvua za vuli:
mabwana wawili wa Capri Point na ukuta wao wa futi tatu,
kampuni ambayo haijauza hata kijiko,
mtu anayemdai shemeji yake injini ya boti.
Yangoje. Yakiliwa na mchwa, sawa.

Lakini lipo lile la kijani.
Sayi, miaka kumi na tisa, mahabusu Butimba
kwa nyavu haramu ambazo si zake.
Dhamana imekubaliwa, imebaki karatasi moja,
na kikohozi kinatembea humo mkeka kwa mkeka
bila kumwomba mtu kibali.
Na lile la kamba nyekundu: Mzee Mazigo,
mapafu yanapiga filimbi,
anataka kiwanja kiwe cha Kabula,
aliyempikia miaka kumi na minne bila cheti,
huku wadogo zake wakikipima kwa hatua, asubuhi na jioni,
na yeye anawaona dirishani.

Mtendaji Lubango alikuja na kufuli jipya.
"Hivi ninyi mnauza nini hasa?"
Hatukuwa na jibu la haraka.
Muuza dagaa ana mizani.
Sisi tuna mpira uliochongwa na kidau cha wino.
Wakili akamwonyesha tangazo lake mwenyewe:
"Ondoa muhuri hapo chini, ndugu yangu, uone kama kuna atakayelitii."
Akautazama muhuri, kwa muda.
Akafunga vilevile.

Kesho yake, saa moja kamili, simu:
"Njoo Bugarika, kwenye jiwe lililopasuka, karibu na bomba.
Tangazo limesema ofisi.
Halikutaja jiwe."

Jiwe halina kodi wala mwenye nyumba.
Karatasi tulizikandamiza kwa kokoto;
upepo wa ziwa ulitaka kuzisoma kabla ya hakimu.
Mazigo aliletwa kwa bodaboda, amefungwa kwa kanga asidondoke.
Kabula tulimsimamisha mbali: mrithi hashuhudii.
Nikampaka mzee dawa ya mikono, kama ilivyoagizwa,
na ile dawa ikala wino,
dole gumba likatoka kama moshi.
"Rudia, mzee."
Akarudia. Akaomba maji.

Mchana nilitembea hadi lango la Butimba.
Askari, mita mbili:
"Huduma gani?"
Nikainua jalada la kijani.
Akakunjua orodha, akashuka nayo mstari kwa mstari,
midomo ikicheza,
nami nikisikia, nyuma ya ukuta,
mtu anakohoa.